Kuunda Upya Peugeot ya Safari

Msomaji uliyedhamiria kuunda, kwa mikono yako na ya mafundi wenzako, mfano wa gari la mashindano la zamani, sharti kwanza ukubali jambo moja ambalo yamkini litakuudhi: kwamba kazi yako si kutengeneza gari zuri, bali kutengeneza gari lile lile, pamoja na kasoro zake, uzito wake, kelele zake na ukaidi wake, na ya kuwa siku utakayoliboresha, hata kwa nia njema, ndiyo siku utakayokuwa umeanza kuunda gari jingine ambalo halikupata kushinda popote.

Sisi wa Tanzania hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta gari la kuiga. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa jina la East African Coronation Safari kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, tena aghalabu wakati wa Pasaka, masika yanapokuwa yamezigeuza barabara za udongo kuwa uji; na katika mwaka 1966, kisha tena mwaka 1967, aliyeshinda alikuwa Bert Shankland, Mskochi mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na mwenziwe Chris Rothwell, ndani ya Peugeot 404 ambayo injini yake hunyunyiziwa petroli kwa pampu badala ya kabureta. Gari la aina hiyo hiyo lilishinda mwaka 1963 na mwaka 1968 mikononi mwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, na miaka hiyo miwili imebaki katika kumbukumbu kwa ukali wake: mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakafika 7, na mwaka 1968 yakaondoka 93, yakafika 7 vilevile. Tena gari lenyewe halikuzaliwa kwa mashindano. Lilichorwa na Pininfarina wa Italia, likaanza kuuzwa mwaka 1960, na kazi yake ilikuwa kubeba familia, maofisa na abiria wa teksi. Wazee wa huku waliliita Pijo, na wengi wao waliwahi kulisukuma kwenye tope kabla hawajawahi kulipanda.

Hiyo ndiyo sababu nalipendelea kuliko magari ya fahari ya Ulaya. Ferrari iliundwa na kiwanda kwa ajili ya mashindano, na anayeiiga huiga kiwanda kizima. Ilhali Peugeot ya Safari ilikuwa gari la dukani lililokazwa, likaongezewa kinga na taa, likapewa dereva anayejua chuma kinapolia kinalia kwa nini. Fundi wa gereji aweza kuifuata njia ya fundi wa gereji mwenziwe, ijapokuwa kati yao imepita miaka sitini.

Nayaandika haya nikiwa Masumbwe, wilaya ya Mbogwe, katika mkoa wa Geita uliozaliwa mwaka 2012, kabla ya hapo sisi tukihesabiwa watu wa Shinyanga. Ni mji uliokaa juu ya barabara kuu itokayo Kahama kwenda Ushirombo, ambamo karibu kila mtaa una mchomeleaji wake, kwa kuwa machimbo ya dhahabu hayashibi chuma. Karasha la kusagia mawe likila bamba lake leo, kesho asubuhi sharti liwe limechomelewa jingine. Kwa hiyo mikono ipo, na moto upo. Kinachohitaji kufundishwa upya ni dhamiri ya mikono hiyo, na hilo nililijua siku ya kwanza, kijana mmoja mchomeleaji aliponisikiliza hadi mwisho kisha akauliza kwa adabu:

"Mwalimu, sasa tukiitengeneza nzuri kuliko ya Wafaransa, si ndiyo faida?"

"Ukinakili barua ya marehemu babu yako, fundi, utamsahihishia herufi?"

Akafikiri. "Hapana. Lakini breki, Mwalimu."

"Ya breki tutayazungumza," nikamwambia, nami nitayazungumza nawe pia mahali pake.

Anza kwa kuchagua siku. Usiseme tu kwamba waunda gari la Shankland. Sema waunda gari la mwaka 1966 au la mwaka 1967, na useme kama ni gari lilivyokuwa asubuhi ya kuondoka au lilivyorudi. Mtu asiyechagua siku huishia na taa za mwaka mmoja, rangi ya mwaka mwingine na kinga ya tumbo aliyoiona katika picha ya gari la mtu mwingine kabisa. Mimi nashauri asubuhi ya kuondoka, kwa sababu mikwaruzo na mibonyeo ya barabara ni haki ya barabara kuitia, na fundi anayebonyeza bati kwa nyundo ili lionekane limesafiri anafanya kazi ya mchezaji wa maigizo.

Kisha kusanya ushahidi kwa subira ya kadhi. Tafuta kitabu cha ufundi cha gari hilo, tafuta fomu ya uidhinisho ya FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, ambayo kila aina ya gari la mashindano ilikuwa nayo, na tafuta picha, nyingi kadiri uwezavyo, za ubavuni, za mbele, za nyuma na za ndani. Nunua daftari kubwa, na katika kila kurasa mbili zinazoelekeana andika upande wa kulia yale uliyoyaona kwa ushahidi, na upande wa kushoto yale uliyoyakisia. Wala usikiruhusu kitu kuvuka kutoka kushoto kwenda kulia mpaka kimeonekana katika picha mbili tofauti. Daftari hilo, nakuhakikishia, litakuwa na thamani kuliko mashine yoyote utakayoinunua.

Picha ya ubavuni, iliyopigwa kamera ikiwa imelielekea gari sawasawa, hupimwa hivi. Umbali kati ya kitovu cha gurudumu la mbele na cha gurudumu la nyuma katika 404 ya saluni ni milimita 2,650. Ikiwa katika picha yako umbali huo ni milimita 106, basi kila milimita moja ya picha ni milimita 25 za chuma, na waweza sasa kupima mahali taa ya ziada ilipofungwa ama kimo cha gari kutoka ardhini. Lakini zingatia hatari yake: jicho likikosea nusu milimita juu ya karatasi, mkono utakosea milimita kumi na mbili na zaidi juu ya bati. Ikuze picha kabla ya kuipima, ipime mara tatu kwa siku tatu, na chukua wastani. Picha ya pembeni au ya mshazari isikushawishi hata kidogo kwa vipimo. Hiyo ni ya kukuonyesha kipo nini, haikuonyeshi kipo wapi.

Juu ya kupata vipande, sitakawia. Pita kwanza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, tena upite leo, kwa maana hao hununua kwa kilo, na bodi uliyoiona Jumatatu yaweza kuwa imekatwakatwa Jumatano. Pickup za 404 zilidumu zaidi ya saluni, na kwa mwenye haraka huonekana kuwa ni msaada mkubwa. Sawa, chukua boneti, bawa na kioo cha mbele, lakini jua kwamba gari za mizigo na zile ndefu za familia zilikuwa na milimita 2,840 kati ya magurudumu, kwa hiyo sakafu yake si sakafu yako. Gerezani kule Dar es Salaam na barabara ya Kirinyaga kule Nairobi panafaa kutembelewa, na zaidi ya hapo kumbuka Argentina, ambako 404 iliendelea kuundwa hadi karibu na mwaka 1980, na Ufaransa kwenyewe, ambako wapenzi wake hawajaisha.

Bodi usiyoipata utaiunda, na hapa ndipo penye kazi.

Gari hili halina chasisi ya kujitegemea kama lori. Sakafu, vizingiti vya milango, nguzo na paa vimeshikana vikawa ni kitu kimoja chenye kubeba uzito wote, kama yai linavyojibeba kwa ganda lake. Na kwa sababu hiyo, kizingiti kikipinda kidole kimoja mlango hautafunga, kioo cha mbele kitapasuka siku ya baridi, na magurudumu ya nyuma hayatafuata ya mbele. Kabla ya kukata bati la kwanza, tengeneza kitanda cha chuma, cha chaneli nzito au mabomba ya pembe nne, kirefu kuliko gari kwa hatua moja kila upande, kikae juu ya miguu sita iliyosimamishwa katika zege. Ukitaka kukisawazisha, pima maji ya dukani haitoshi kwa urefu huo. Chukua mpira mwembamba unaopenya nuru, ule ule wautumiao waashi, ujaze maji hadi yasiwe na povu, shika ncha moja kwenye pembe ya kitanda na mwenzio ashike ncha ya pili kwenye pembe nyingine, ngojeni maji yatulie, kisha tieni alama. Maji hayana upendeleo. Baada ya hapo pima mishazari miwili, kutoka pembe hii hadi ile inayokabiliana nayo, na mshazari huu usipolingana na ule, kitanda hakiko mraba hata kama jicho linaapa kwamba kiko. Shusha timazi kutoka kila mahali patakapofungwa springi, shokapu na injini, tia alama kwa patasi sakafuni, na alama hizo ndizo zitakazokuwa kibla chako hadi mwisho.

Naisema habari hii kwa uchungu, kwani sisi wenyewe tuliidharau. Kizingiti chetu cha kushoto tulikichomelea kwa mkupuo mmoja, kutoka mbele hadi nyuma, alasiri moja ambayo kila mtu alitaka kuwahi nyumbani, na kesho yake mlango wa kulia ulifunga kwa kidole ilhali wa kushoto ulitaka goti. Tulipopima mishazari tukakuta tofauti ya milimita sita. Chuma kinapopata moto hutanuka, kinapopoa hujikunja kuliko kilivyotanuka, na anayekichoma mfululizo hukivuta kama avutaye kamba. Tulikata kizingiti kizima, tukaanza tena, mara hii kwa doti: doti moja mbele, moja nyuma, moja katikati, kisha upande wa pili wa gari vivyo hivyo, sentimita tano baina ya doti na doti, na kila mara tukingoja mpaka mgongo wa kiganja uweze kuvumilia kulala juu ya chuma. Kazi ya alasiri moja ikachukua siku nne. Milango yote sasa hufunga kwa kidole.

Mabati ya nje ni elimu nyingine. Bati la geji 20, ambalo unene wake ni takribani milimita 0.9, ndilo lifaalo. Na mkono uliozoea bamba nzito za karasha utalitoboa mara kumi kabla haujajifunza kulibembeleza, kwa hiyo weka kando mashine ya umeme ya fito na uchukue gesi, mdomo mdogo, moto mwembamba. Chonga kwanza kalibu ya mbao: vibao vilivyokatwa kwa umbo la gari, kimoja kila sentimita kumi, vikisimamishwa juu ya ubao wa chini kama mbavu za samaki, ili bati likilazwa juu yake likuonyeshe mara moja lilipopanda na liliposhuka. Kisha shona mfuko wa turubai, uujaze mchanga, na juu ya mfuko huo uanze kulipiga bati kwa nyundo ya mti, pigo jepesi kando ya pigo, ukizunguka kutoka ukingoni kwenda katikati, ukilipeleka kwenye kalibu kila baada ya mzunguko mmoja. Bati lililopigwa sana hukakamaa na kuanza kutoa sauti kali. Hapo acha kupiga, lipashe moto hadi liwe jekundu hafifu, liache lipoe lenyewe pasipo maji, nalo litarudi kuwa tiifu. Viungo vya gesi vilainishe vingali na joto, fuawe ndogo ya mkononi kwa ndani na nyundo bapa kwa nje, hata mshono upotee. Puti usiitie zaidi ya unene wa ukucha. Fundi rangi atakuambia kwamba puti hufunika. Naam, hufunika kwa mwaka mmoja.

Na juu ya mchanga wa mfuko huo nina neno kwa wenzangu wa huku. Usichukue marudio yaliyotoka kwenye karasha, hata kama ni laini mno na ni ya bure na yamelundikana mlangoni pako. Dhahabu yetu hukamatwa kwa zebaki, nayo zebaki hubaki katika mchanga, na wewe utakuwa ukiupiga mchanga huo kwa nyundo siku nzima huku vumbi lake likipanda puani, tena pengine karibu na moto. Nenda mtoni, uchote, uuoshe, uuanike.

Tuje kwenye injini. Ya 404 ina ukubwa wa sentimita za ujazo 1,618, tundu la silinda milimita 84 na mwendo wa pistoni milimita 73, nayo imelazwa upande wa kulia kwa digrii 45 ili boneti ikae chini. Ulalo huo huwatatiza wanaouona mara ya kwanza, na niliwahi kumwona mtu akidhani kwamba vishikizo vya injini vimekatika. Lililo muhimu kwako ni hili: injini za mwanzo zilikuwa na krankshafti iliyolazwa juu ya beringi kuu tatu, na kuanzia magari ya mwaka 1965 zikawa tano, kwa hiyo anayeunda gari la mwaka 1966 akatia injini ya beringi tatu, hata ikiwaka vizuri namna gani, ameunda uongo mdogo chini ya boneti. Slivu zake ni za kutolewa, zikizungukwa na maji, jambo linalomfariji fundi wa kijijini kwa kuwa haihitajiki kutoboa bloku. Bali silinda hedi ni ya aluminiamu, haitaki joto lililozidi, na isikazwe wala kulegezwa ingali moto. Feni yake ilibuniwa kujitenga yenyewe kwa sumaku ya umeme maji yakiwa baridi, na takriban kila fundi aliyepata kulishika gari hili ameikaza feni hiyo izunguke daima ili aepukane na usumbufu. Wewe irudishe ijitenge.

Pampu ya petroli ndiyo itakayokupima. Ni pampu ya Kijerumani iitwayo Kugelfischer, yenye vipistoni vinne, kimoja kwa kila silinda, ikipima mafuta kwa kamu na kuyasukuma hadi kwenye njia ya hewa ya kila silinda bila msaada wowote wa umeme wa kompyuta. Usimpelekee fundi wa magari madogo, kwa maana hao wamelelewa na kabureta au na sensa. Mpelekee fundi pampu wa dizeli, ambaye kazi yake ya kila siku ni vipistoni vidogo vyenye kulingana kwa unywele, naye ataielewa kabla hujamaliza kusalimiana naye. Mwonye tu kwamba petroli ni kavu, hailainishi kama dizeli, kwa hiyo pampu isizungushwe mkononi ikiwa tupu, wala isisafishwe kwa msasa. Nawe usipoipata pampu hiyo kwa hali na mali, tia kabureta, liendeshe gari lako, na uandike katika daftari, kurasa za kushoto, kwamba hapa pana upungufu. Upungufu ulioandikwa haumwaibishi mtu.

Kwenye difu nitakaa kidogo, kwa kuwa hapo ndipo gari hili lina moyo wake. Badala ya pinyoni na krauni tulizozizoea, Peugeot walitia skrubu ya chuma inayolisokota gurudumu la shaba nyeusi, njia waliyoirithi kutoka magari yao ya 203 na 403. Huenda kimya, hubeba mzigo mkubwa, na haisamehe ikikosewa mafuta. Mafuta yake ya asili yalitokana na mbarika, ndiyo mbarika ile ile inayoota ovyo nyuma ya nyumba zetu, ingawa usidhani kwamba yatosha kukamua mbegu na kumimina, kwani ya difu yametengenezwa kwa kazi yake. Mafuta ya mbarika na mafuta ya madini hayapatani: ukiyachanganya hugandamana yakawa kama utando wa uji uliolala, na mifereji ya mafuta huziba. Tena mafuta mengi mazito ya gia ya siku hizi yametiwa dawa za salfa ambazo huila shaba nyeusi polepole. Basi fungua difu uliyoinunua, hata muuzaji akila yamini kwamba ilikuwa ikitembea jana, ioshe mpaka isibaki na harufu ya kitu chochote, na uchague aina moja ya mafuta yaliyoandikwa kwamba hayadhuru shaba. Watakaokushauri utie ekseli ya Toyota ni wengi, ni marafiki zako, na hoja zao zina nguvu. Wapikie chai, wala usiwafuate.

Zana za safari zitatengenezwa baada ya gari kusimama kwa magurudumu yake. Kinga ya tumbo, ambayo ni bamba lililokunjwa kuzuia mawe yasiipasue sampu, waachie sasa wale mafundi wa karasha, kwa maana hii ndiyo saizi ya chuma waipendayo. Itobolewe matundu ya kupumulia, nayo ifungwe kwa boliti kwa kuwa siku moja utataka kuifungua katikati ya tope. Taa za ziada, matairi mawili ya akiba, kizuio cha kuzuia matairi hayo yasimpige dereva kisogoni, jeki, sepetu, kamba, chupa ya maji, na mbele ya msaidizi wa dereva kipimo cha masafa, ambacho katika miaka ile aghalabu kilikuwa cha Halda ya Uswidi: kila kimoja kisitiwe mpaka kimeonekana pichani. Kwa namba za mlangoni usiende kwa wachapaji wa mabandiko ya kompyuta, ambayo ukingo wake una ukali usiokuwa wa enzi hiyo. Mwite yule mchoraji anayeandika vibao vya saluni na maduka ya nafaka, mpe brashi, mpe picha, umwombe afuate hata mtetemo wa mkono wa aliyemtangulia.

Na sasa breki, kama nilivyoahidi. Gari la mwaka 1966 lilikuwa na ngoma katika magurudumu yote manne, na kijana wangu alitaka diski mbele. Nilimwambia ngoma zibaki, kwa sababu mtu atakayeliendesha gari hili lazima ajue kwamba Shankland aliteremka milima akizitegemea hizo hizo, na mguu wake ukajifunza adabu. Lakini mipira ya breki, mabomba ya petroli, mikanda ya viti na matairi, hivyo nanunua vipya kabisa, na siombi radhi kwa yeyote. Uaminifu kwa chuma una mpaka wake, na mpaka huo ni shingo ya binadamu. Kijana akaridhika, ama alionekana ameridhika. Jioni nilimkuta akizikereza ngoma upya kwenye leidhi, akizipitishia kidole ndani kama mtu anayechagua chungu sokoni.

Rangi haina siri kubwa: praima mbili, msasa wa maji, tabaka nyembamba nyingi badala ya nene chache, na usipulize vumbi la kiangazi likiwa linapita barabarani. Alfajiri baada ya mvua ndiyo saa yake.

Yako mambo ya karatasi, na usiyaache mwisho kama tulivyofanya wengi. Kabla ya kuanza, wala si baada ya kumaliza, nenda kwa TRA na kwa askari wa usalama barabarani, uwaeleze waziwazi unaunda nini na kwa injini ya kutoka wapi. Usigonge juu ya bodi yako namba ya chasisi ya gari lililokwisha kufa, hata ukiwa na kadi yake mkononi, kwani hapo nakala hugeuka kuwa ghushi. Bandika chini ya boneti sahani ndogo ya shaba yenye mwaka ulioliundia, mahali, na majina ya mafundi wote, akiwemo aliyeshika ncha ya pili ya mpira wa maji. Ukitamani kulishindanisha, jua kwamba tangu mwaka 2003 yako mashindano ya magari ya zamani yaitwayo East African Safari Classic Rally, ambayo mara kadhaa yamefika Tanzania. Yamkini wakaguzi wake watataka kuliona daftari lako pia.

Siku ya kuwasha, jaza maji na oili, toa plagi, zungusha injini mpaka taa ya oili izimike, ndipo urudishe plagi uiwashe. Isimamie dakika ishirini ukisikiliza, usiikanyage. Zima, iache ipoe usiku kucha, kagua boliti zote. Kilomita za kwanza ziende kwenye barabara za ndani, za udongo mweusi wa mbuga kati ya majaruba ya mpunga, wala si kwenye lami ya Kahama ambako malori hayamngoji mtu. Nenda pole, rudi, kaza tena kila kilicholegea, hasa vishikizo vya injini na miguu ya springi, maana gari jipya lililoundwa kwa mkono hujipanga lenyewe kwa wiki kadhaa kabla halijakubali kukaa.

Likifika kilomita mia tano, fungua kizibo cha difu mafuta yakiwa na joto, uyakinge katika sahani nyeupe, na uisogeze juani. Utaona chembe za manjano zikielea. Sisi tulipoifanya kazi hiyo, wachimbaji wawili waliokuwa wakipita waliacha safari yao, na mmoja aliitwaa sahani asiniulize, akaitikisa kwa mzunguko ule wanaotikisia karai lao, akainamisha, akaangalia, akanirudishia akisema, "Mwalimu, pole, hii si dhahabu." Nayo kweli ilikuwa ni shaba nyeusi ya gurudumu. Zikiwa chembe laini kama unga, usihangaike: skrubu na gurudumu vinazoeana, mimina mafuta mapya ya aina ile ile na uangalie tena baada ya kilomita elfu moja. Ukiona vipande vyenye ukingo, hata vidogo kuliko punje ya mchele, usiliwashe gari tena. Linyanyue, shusha ekseli, na uanze kwa kupima kama skrubu imekaa katikati ya gurudumu.